Nani anashika ufunguo wa hazina ya Marekani?

Kwa siku 43, tangu Oktoba 1 hadi Novemba 12 mwaka 2025, redio na magazeti yetu yalitangaza kwamba serikali ya Marekani imefungwa. Kwenye kijiwe cha kahawa ninachopitia jioni, mzee mmoja aliisikia habari hiyo, akaweka kikombe chini na kuuliza: "Sasa serikali ikifungwa, nchi inabaki na nani?" Kijana aliyekaa pembeni yake akamjibu, "Ndiyo inakwisha hivyo, mzee wangu." Mwingine akasema ni mvutano wa vyama tu, watapatana. Wa tatu akasema hizo ndizo gharama za demokrasia. Swali la mzee lilistahili zaidi ya majibu hayo matatu, kwa sababu linagusa msingi wenyewe wa utawala wa nchi ile, ambayo Julai 4, 2026 inatimiza miaka 250 tangu ijitangazie uhuru.

Tuanze na neno. Sisi tukisema serikali, aghalabu tunamaanisha mhimili mmoja kati ya mitatu: rais, mawaziri na watendaji walio chini yao. Bunge tunalihesabu peke yake, Mahakama peke yake. Mmarekani akitaja serikali yake huikusanya mihimili yote mitatu kwa neno moja, na hapo ndipo taarifa inapopotoka ikifika kwetu, ikasikika kama dola nzima imeanguka. Kilichotokea ni kwamba sheria iliyoruhusu matumizi ilifika mwisho usiku wa Septemba 30, mwaka wao wa fedha ulipoisha, na Kongresi, yaani bunge lao lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi, haikuwa imepitisha nyingine. Ofisi zinazoishi kwa ruhusa hiyo zikafunga milango. Mamia ya maelfu ya watumishi wakarudishwa nyumbani. Wengine, wakiwamo waongozaji wa ndege, wakafanya kazi bila mshahara. Msaada wa chakula unaotegemewa na watu wapatao milioni 42 ukayumba mwezi Novemba. Mateso hayo yalikuwa ya kweli. Lakini rais alibaki rais, majaji waliendelea kusikiliza kesi, na wanajeshi hawakuacha lindo. Naamini tuliitazama habari hii kwa upande usio wake. Kufungwa kwa ofisi kulionyesha kwamba kifungu kikongwe cha katiba yao bado kina meno. La kutisha lilianza kabla ya Oktoba na bado linaendelea: fedha ambazo Kongresi imeshazipitisha kuwa sheria, rais anakataa kuzitoa, na Kongresi yenyewe inamtazama.

Kifungu chenyewe kimo katika Ibara ya Kwanza, sehemu ya tisa. Kinasema kwamba hakuna fedha itakayotolewa Hazina ila kwa idhini iliyowekwa na sheria. Basi. Hakimtaji rais, hakitoi msamaha wakati wa dharura. Katika nyumba kubwa zenye watu wengi sote tunajua kwamba anayetoa amri sebuleni na anayeshika ufunguo wa stoo wanaweza kuwa watu wawili, na chakula cha jioni kinamtegemea huyo wa pili. Waandishi wa katiba ya Marekani walimpa rais sebule. Ufunguo wa stoo wakaupeleka kwa Kongresi, na kwa hofu ya jeshi wakaongeza sharti kwamba fedha za jeshi zisiidhinishwe kwa zaidi ya miaka miwili kwa mara moja.

Linganisha na kwetu. Ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Mbunge anayetaka kusema hapana anajua kwamba huenda anajirudisha mwenyewe jimboni kuomba kura upya. Uingereza njia ni nyingine lakini mwisho wake unafanana: serikali ambayo bajeti yake imekataliwa bungeni haina pa kusimama, itajiuzulu au itaitisha uchaguzi. Mifumo hiyo miwili ina mlango wa kutokea. Marekani hakuna. Rais hawezi kuivunja Kongresi, na Kongresi haiwezi kumwondoa rais kwa sababu tu wametofautiana kuhusu fedha. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi ana miaka yake miwili, seneta sita, rais minne, na kila mmoja ana kura zake mwenyewe mkononi. Wakigongana, hawana pa kwenda isipokuwa kupatana, na kabla ya kupatana ofisi zinakosa fedha. Ni haki kukiri kwamba kufunga milango kwenyewe hakukuandikwa mwaka 1787 katiba ilipotungwa. Zamani fedha zilipochelewa watumishi waliendelea na kazi wakisubiri, mpaka mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alipotoa maoni kwamba sheria hairuhusu ofisi kuendelea bila idhini. Kwa hiyo ukali wa tukio ni wa juzi. Kanuni iliyo chini yake ni ya zamani sana.

Ilitoka wapi? Wanaume 55 waliokutana Philadelphia kuanzia Mei hadi Septemba 1787 walikuwa wamesoma historia ya Uingereza kama sisi tunavyosoma habari za ukoloni, yaani kama jambo lililowapata wazee wao. Walijua kwamba Mfalme Charles wa Kwanza alitawala miaka 11 bila bunge, tangu 1629 hadi 1640, akijitafutia fedha kwa njia za pembeni, na kwamba alilazimika kuliita tena alipoingia vitani na Waskoti na mfuko ukawa mtupu. Walijua pia ugawaji wa tawala ulioachwa na Aristotle: utawala wa mmoja, wa wachache na wa wengi, kila mmoja na ugonjwa wake. Wa mmoja huharibika ukawa udhalimu, wa wachache ukawa wa matajiri kujinufaisha, wa wengi ukawa fujo ya umati. Hawakuchagua mmoja kati ya hiyo mitatu. Walichanganya: rais mmoja kwa ajili ya wepesi wa kutenda, Seneti ndogo kwa ajili ya utulivu, Baraza la Wawakilishi linalochaguliwa moja kwa moja na wananchi, kisha majaji wasioogopa uchaguzi. Mchanganyiko huo ulisimama juu ya dhana moja ya James Madison, mmoja wa waandishi wakuu wa katiba hiyo, kwamba usitegemee wema wa mtawala. Mpe kila mwenye cheo sababu yake binafsi ya kulinda kiti chake, ili tamaa ya huyu izuiwe na tamaa ya yule. Kongresi itakilinda kifungu cha fedha kwa sababu ndicho kinachoipa heshima, na hakuna atakayehitaji kuwa mtakatifu.

Hapa niguse hoja inayorudiwa sana mitandaoni kila mjadala huu unapoibuka, kwamba Marekani ni jamhuri, haikuwahi kuwa demokrasia, kwa hiyo tusishangae rais akiwa na nguvu nyingi. Kati ya hoja zote zilizopo, hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli kwamba neno demokrasia halimo katika katiba yao, na kwamba Ibara ya Nne inayahakikishia majimbo utawala wa kijamhuri. Ni kweli pia kwamba Madison alizitenganisha hizo mbili. Lakini demokrasia aliyoiogopa ni ile ya Athens, raia kukusanyika wenyewe uwanjani na kupiga kura juu ya kila jambo. Utawala wa wawakilishi waliochaguliwa, ambao yeye aliuita jamhuri, ndio ambao leo dunia nzima inauita demokrasia. Kwa Kiswahili ubishi huu haupati hata pa kusimamia: jamhuri tumeitoa Kiarabuni, na mzizi wake ni umma wa watu wengi, demokrasia imetoka Ugiriki, na mzizi wake ni watu vilevile. Palipo na uzito katika hoja hiyo ni pengine, katika jinsi wingi wa kura unavyofungwa breki. California yenye watu wapatao milioni 39 ina maseneta wawili, na Wyoming isiyofikisha watu laki sita inao wawili pia. Mwaka 2000 na 2016 aliyepata kura chache za wananchi ndiye aliyeingia Ikulu. Na mwanzoni "watu" wenyewe walikuwa wachache: mtumwa alihesabiwa kuwa tatu ya tano ya mtu ili kumwongezea bwana wake viti, wanawake walisubiri hadi 1920, na Weusi wa kusini walipata ulinzi wa kweli wa kura zao mwaka 1965. Ukitaka kuyaita yote hayo jamhuri, sawa. Ila kama jamhuri maana yake ni walio wengi kufungwa na sheria, basi wa kwanza kufungwa ni rais anayesema ametumwa na walio wengi.

Turudi kwenye fedha. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Trump alisaini amri iliyosimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Fedha hizo hazikuwa zake. Zilikuwa zimepitishwa na Kongresi, na ndani yake zilikuwamo za mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa kwa sheria mwaka 2003 chini ya rais wa chama chake mwenyewe, George W. Bush. Jirani yangu ni mshauri nasaha. Kazi yake kwenye kliniki ilikuwa kuwapigia simu wagonjwa walioacha kuja kuchukua dawa, na vocha ya simu ilitoka kwenye mradi. Wakati Washington ilipokuwa ikitangaza kwamba huduma za kuokoa maisha zimeruhusiwa kuendelea, yeye alikuwa na barua ya kusimamishwa kazi na daftari la mistari lenye majina ya watu aliotakiwa kuwatafuta, na hakuna aliyemwambia daftari hilo amkabidhi nani. Alinionyesha. Majina mengine yalikuwa na alama ya vema, mengine mengi hayakuwa nayo. Kufikia Julai 1 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limeacha kabisa kazi ya kusimamia misaada.

Nilipolitazama lile daftari ndipo nilipoelewa kwamba ubishi wa kikatiba kuhusu ufunguo wa hazina si wa maprofesa peke yao. Na ubishi huo haukuishia kwenye misaada ya nje. Mwezi Julai Kongresi, kwa ombi la rais, ilifuta kiasi cha dola bilioni 9 ilizokuwa imeshaziidhinisha. Seneti ilipitisha kwa kura 51 dhidi ya 48, Baraza la Wawakilishi kwa 216 dhidi ya 213. Hilo angalau lilikuwa halali, maana Kongresi ndiyo iliyopiga kura. Lakini mwishoni mwa Agosti rais alipeleka ombi jingine la kufuta dola bilioni 4.9 za misaada, huku akijua kwamba sheria inamruhusu kuzishikilia kwa siku 45 wakati ombi linasubiri, na mwaka wa fedha ulikuwa umebakiza mwezi mmoja tu. Hakuhitaji Kongresi ikubali. Alihitaji kalenda iishe. Septemba 26 Mahakama ya Juu iliiruhusu serikali kuendelea kushikilia sehemu kubwa ya fedha hizo, majaji watatu wakipinga.

Sasa uutazame mvutano wa Oktoba kwa jicho hilo. Kura ya kupitisha matumizi katika Seneti inahitaji maseneta 60 ili mjadala ufungwe, kwa hiyo chama kinachotawala kinahitaji kura za wapinzani, na wapinzani huzitoa kwa makubaliano. Kura ya kufuta matumizi hayohayo inahitaji wingi wa kawaida tu. Seneta wa Democratic, chama cha upinzani, akitoa kura yake leo ili mradi fulani uwekwe, kesho wenzake wanaweza kuufuta bila yeye, au rais akaushikilia mpaka saa iishe. Nani atakaa mezani kujadiliana kwa masharti hayo? Vyombo vingi vilieleza kwamba ugomvi ulikuwa kuhusu ruzuku ya bima ya afya, na ndicho Democratic walichokiweka mbele kwenye hotuba. Lakini walidai pia kinga dhidi ya fedha kufutwa baada ya makubaliano, na kwangu hilo ndilo lilikuwa kiini. Ofisi zilipofunguliwa, Seneti ikiwa imepiga kura 60 dhidi ya 40, kiini hicho kilibaki palepale.

Wakati wa kufungwa kuna jambo lilipita haraka ambalo lingewafanya wale wa 1787 wakose usingizi. Ili wanajeshi walipwe, Wizara ya Ulinzi ilihamisha takriban dola bilioni 8 zilizotengwa kwa utafiti, na rais akatangaza kwamba rafiki yake ametoa dola milioni 130 kusaidia mishahara hiyo. Kwa jeshi kubwa namna ile kiasi hicho ni kidogo. Lakini jeshi linalolipwa kwa mfuko wa rafiki wa mtawala ndilo hasa lile sharti la miaka miwili liliwekwa kulizuia. Wengi waliichukulia kama ukarimu, na mwanajeshi anayesubiri mshahara simlaumu.

Upande wa rais una hoja nzito, na nisingependa kuipita kwa haraka. Yeye na makamu wake ndio pekee wanaochaguliwa na taifa zima. Kongresi ni nzito, bajeti inachelewa karibu kila mwaka, deni la taifa limepita dola trilioni 38, na mpiga kura aliyetaka matumizi yapunguzwe ana haki ya kuona aliyemchagua akipunguza. Marais wengine walishikilia fedha kabla yake: Thomas Jefferson mwaka 1803 aliacha kutumia dola 50,000 za boti za kivita kwa sababu hatari ilikuwa imepungua. Ila Jefferson alichelewesha ununuzi na akaieleza Kongresi kwa nini. Hakudai kwamba sheria haimfungi. Aliyefika huko ni Rais Richard Nixon, aliyeshikilia mabilioni, zikiwamo fedha za usafi wa maji ambazo Kongresi ilizipitisha kwa kuipiku kura yake ya turufu. Jibu likawa sheria ya 1974 inayomzuia rais kushikilia fedha bila kibali, na Nixon mwenyewe akaisaini Julai 12, chini ya mwezi mmoja kabla ya kujiuzulu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, katika kesi ya fedha zilezile za maji, ikaamua dhidi ya serikali bila jaji hata mmoja kupinga. Kama mpiga kura anataka matumizi yapungue, chama chake kina wingi katika mabaraza yote mawili. Kinaweza kupunguza kwa sheria.

Wapo wanaosema tuwaachie majaji. Siwadharau, mahakama za chini ziliamua dhidi ya serikali mara nyingi mwaka 2025. Lakini Alexander Hamilton, mwingine wa waasisi wa katiba hiyo, alionya tangu mwanzo kwamba mahakama haina upanga wala mfuko, ina hukumu tu, na uamuzi wa Septemba 26 unaonyesha mpaka wake. Mahakama ilisema inaelekea kwamba mashirika yaliyofungua kesi hayana nafasi ya kuishtaki serikali kwa njia waliyoitumia, kwa kuwa sheria ya 1974 imeweka utaratibu wake. Kwa maneno mengine, mwenye ufunguo aje mwenyewe kuudai. Ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Kongresi ilitoa zaidi ya uamuzi mmoja mwaka 2025 kwamba sheria hiyo ilivunjwa. Uongozi wa Kongresi haukuinuka.

Dhana ya Madison imekatikia hapo. Alitarajia mjumbe alinde kiti chake. Hakutarajia mjumbe apende chama kuliko kiti. Na kulikuwa na wakati ambapo alikuwa sahihi. Februari 1937 Rais Franklin Roosevelt, ametoka kushinda majimbo yote isipokuwa mawili, alipeleka mpango wa kuongeza majaji wa Mahakama ya Juu hadi 15 ili ashinde kesi zake. Chama chake kilishika zaidi ya robo tatu ya viti vya Seneti. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na watu wa chama hichohicho ikauandikia ripoti ya kuukataa kwa maneno makali kuliko ya wapinzani, na Julai 22 Seneti ikaurudisha kwa kura 70 dhidi ya 20, ukafia huko. Mwaka 1974 walioenda Ikulu Agosti 7 kumwambia Nixon kwamba kura za kumwokoa hazipo walikuwa Seneta Barry Goldwater na viongozi wenzake wawili wa Republican, chama cha Nixon mwenyewe. Leo mjumbe anayempinga rais wa chama chake anaogopa kura ya maoni ndani ya chama kuliko anavyoogopa uchaguzi mkuu, na rais anaweza kumtafutia mpinzani kwa ujumbe mmoja wa mtandaoni. Katiba haikubadilishwa hata neno. Aliyebadilika ni mtu aliyepewa ufunguo.

Kwetu hili lina maana ya kiofisi kabisa. Wizara ya afya ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki inayopanga bajeti yake kwa kutegemea ahadi ya Marekani ilizoea kuuliza kama Kongresi imepitisha. Swali hilo halitoshi tena, maana kupitishwa na kutolewa sasa ni mambo mawili. Ndiyo maana makubaliano ya Novemba 12 nayasoma kwa tahadhari. Fedha za ofisi nyingi walizoidhinisha ziliwekewa mwisho wa Januari 30, 2026. Kila siku kama hiyo ikifika vichwa vya habari vitauliza kama milango itafungwa tena. Mimi nitatafuta sentensi moja katika muswada, ile itakayosema kwamba kilichopitishwa lazima kitolewe, na nitahesabu ni Warepublican wangapi, watu wa chama cha rais, wameiunga mkono. Mzee wa kijiweni nilimjibu hivyo hatimaye, kwamba nchi imebaki na wale waliopewa ufunguo, tunangoja kuona kama bado wanautaka. Jirani yangu bado analo lile daftari. Analiweka kabatini, pamoja na vyeti vyake.